Shahidi wa Mama Bilonda

"Tata, unataka nini?"

Ilikuwa mara ya tatu Shekina kuuliza, na kwa mara ya tatu Tata Tharcisse, mwenyekiti wa komite ya kambi, akamjibu barazani kwake neno lile lile, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni mlango alioegemea.

"Liste, mutoto wangu. Tunataka liste."

Shekina hakukasirika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amesoma kompyuta Lubumbashi, na sasa alikuwa na chumba chake kidogo huko Manika, kati ya kinyozi na kanisa la uamsho, ambako alitengeneza programu za shule na maduka ya dawa. Mama yake alizaliwa hapa hapa Kambi Nane, na ndiyo maana alikubali kuja. Akageuza ukurasa wa daftari.

"Sawa, tata. Liste ya nini? Nani ataisoma?"

"Bakubwa."

"Bataisoma juu ya nini?"

Tharcisse akamtazama Twahiru, mwenye lori, mjumbe wa pili wa komite. Twahiru akamtazama Mama Bilonda, mjumbe wa tatu. Mama Bilonda akaendelea kutoa vijiti kwenye majani yake ya sombe, yaani kisamvu, maana kesho yake ilikuwa siku ya soko.

"Juu bajue kama tuko," akasema Tharcisse.

Na kwamba walikuwepo, hilo hasa ndilo lililokuwa limetiliwa shaka. Kambi Nane, upande wa Dilala, ilijengwa na kampuni ya zamani, ile iliyokuwa baba na mama: ilikupa nyumba, unga, daktari, na mwisho ikakupa sanduku la kuzikiwa. Kisha baba na mama wakaanguka. Wakubwa wakagawana mapaja, wafanyakazi wakaachiwa kwato, na watu wakabaki katika nyumba zile kwa kuwa hawakuwa na pengine. Miaka thelathini walibaki. Sasa kampuni mpya imepima ardhi na kugundua kwamba shaba nzuri kuliko zote iko chini ya vitanda vyao. Wakatumwa vijana wenye makopo ya rangi ya bluu, wakahesabu kambi nzima kwa siku moja, kuanzia saa nne asubuhi. Ujanja gani huo! Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo maskini hayupo nyumbani. Mlango usiofunguliwa uliandikwa "tupu". Vyumba vya nyuma havikuandikwa kabisa. Wajane waliombwa mkataba wa kazi wa marehemu, na asiyekuwa nao akarukwa. Katika nyumba mia mbili na kumi, zilizoonekana zina watu zilikuwa tisini na sita.

Ofisi ya kampuni ikasema komite ina wiki mbili za kupinga hesabu hiyo. Jumatatu ya mwisho ujumbe wa kampuni utakuja kukagua. Nyumba ambayo haitajulikana ina nani ndani yake itahesabiwa tupu, na nyumba tupu haipigiwi hodi kabla ya kuvunjwa.

Basi Tharcisse akamsomea Shekina anachotaka. Hakuhitaji kufikiri. Zamani alikuwa pwenteri, karani wa kampuni ya kuhesabu watu kazini na magunia ya unga ghalani, yaani magazinini, na vichwa vya safu vilikuwa bado mdomoni mwake kama rozari: namba ya nyumba, baba wa nyumba, mke, watoto, wapangaji, kazi, asili. Asili maana yake teritwari, kijiji, chifu. Kila karatasi ya nchi hii huuliza hivyo, kuanzia ya ubatizo hadi ya kaburi; hata mtoto aliyezaliwa hapa Dilala huandikiwa kijiji ambacho babu yake alikikimbia. Hakuna aliyeshtuka barazani. Shekina mwenyewe aliandika "asili" bila kuinua kichwa.

"Na tena," Tharcisse akaongeza, na aliongeza kwa moyo mwema, hilo lazima lisemwe, "kuko bantu kwabo ni mbali. Bakituvunjia, bale batahitaji gari ya kubabebea bitu. Fanya tubaone mbio mbio."

"Tubaone mbio mbio," Shekina akarudia, akaandika, akapiga mstari chini yake.

*

Alirudi Alhamisi ya wiki iliyofuata, kompyuta mgongoni, ameshuka kwenye taxi-moto na vumbi la mgodi wa Kingamyambo limemgeuza nywele kuwa za bibi. Akaweka mashine juu ya kigoda barazani. Kwa kujaribu alikuwa ameingiza nyumba tatu tu, za wanakomite wenyewe.

Mistari mitatu ikatokea, imenyooka kama wanafunzi kwenye bendera. Mmoja mweusi. Miwili myekundu.

Twahiru akainamisha kitambi chake mbele ya kioo. "Eh! Mbona mi niko mwekundu sawa pilipili?"

"Ni juu ya asili, tata Twahiru. Uliandikisha Kasongo, ku Maniema. Kwenu ni mbali."

"Kasongo sijafikaka hata siku moya! Babu njo alitoka kule na chumvi yake ya kuuza. Mi nilizaliwa nyuma ya dispansere. Mama Bilonda huyu alisikiaka vile nalia."

"Na mpaka leo unalia," akasema Tharcisse, wakacheka.

Mama Bilonda hakucheka. Alikuwa amesogea karibu, kidole hewani, akifuata herufi. Kusoma hakukuwa kazi yake, lakini jina moja alilijua kama anavyojua kovu la mkono wake. Mulumba.

"Na hii?"

"Mama, nilifuata baba wa nyumba," akasema Shekina. "Tata Mulumba. Asili, Kasai."

Mama Bilonda akafungua kitenge chake, akakifunga upya kiunoni, akakaza fundo.

"Mi siandikwe. Futa."

"Lakini mama, Jumatatu..."

"Futa, nione vile inafutika."

Shekina akafuta. Mama Bilonda akangoja mpaka mstari ukapotea, akaangalia tena kwamba umepotea kweli, akabeba beseni lake akatoka bila kuaga. Yule ndiye aliyepokea watoto wa avenyu ile na kuosha maiti wake. Ijumaa asubuhi, Twahiru alipopita mlango kwa mlango, alijibiwa jambo moja kila alipobisha: kama Mama Bilonda haandikwi, sisi tuandikwe tumekuwa nani?

Zilibaki siku tatu.

*

"Nani alikuambia utie rangi?" Tharcisse alimfokea Shekina mchana ule. "Nani? Mi nilikuomba liste, we unaniletea moto!"

Shekina akafungua daftari, akaligeuzia upande wake. Tarehe ilikuwepo, na maneno yalikuwepo na mstari chini yake. Tubaone mbio mbio.

"Mi nilisema gari! Gari ya kubabebea bitu!"

"Na mi nilitia rangi juu ya gari, tata."

"Toa rangi."

"Nitatoa. Asili inabaki?"

Tharcisse akamsukumia daftari lake.

"Naitoa nayo? Na nikitoa, natia nini pa fasi yake?" Shekina alikuwa anaongea polepole sasa. "Tata, kule Manika natengenezeaka bantu ba farmasi programu. Nakaa pale, naona. Muntu anaingia, anasema: nipe kidonge ile ya rangi mbili, ile nilikunywaka mwaka jana. Hasemi kwenye inauma. Na we uko vile vile. Uliniambia kidonge. Kwenye inauma, bado hauyaniambia."

"Unataka kusema mi niko mugonjwa?"

"Nataka unijibu kitu kimoya mbele ya kuandika ingine. Muntu mubaya kupita bote, akikamata hii liste yetu, atafanya nini nayo?"

Tharcisse alifungua kinywa kumjibu kwamba kompyuta si siasa, na kwamba watoto wa siku hizi wanauliza mno. Lakini jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu kabla binti huyu hajazaliwa.

*

Mwaka tisini na tatu alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, pwenteri wa magazini ya unga, na kitu alichokipenda kuliko mshahara, ambao hata hivyo ulikuwa umeacha kuja, ni mashine ya kupiga chapa. Utepe wake ulikuwa na rangi mbili, nyeusi juu, nyekundu chini. Desturi aliikuta: mfanyakazi ambaye kwao ni mbali, kila miaka miwili kampuni ilimpa likizo na tiketi za treni, yeye na mke na watoto. Ili ofisi isimsahau, jina lake lilipigwa kwa rangi nyekundu. Watu waliipenda nyekundu. Walipita magazinini wakachungulia dirishani, "Tharcisse, umenitia mu nyekundu?" kama mtu anayeuliza kama nyama imeiva.

Kisha sufuria ikabaki tupu. Wakubwa waliokula wakashiba hawakusema sisi ndio tumekula. Walinyoosha kidole kwa jirani. Wa Kasai, mkoa wa jirani, ndiye aliyekula. Maneno hayo yalianzia kwenye mikutano, yakaingia redioni, yakateremka mpaka kwenye foleni ya unga. Watu waliochimba shimo moja na kuozeshana watoto wakaanza kuitwa bilulu, wadudu. Na siku moja mtu akaja magazinini, mtu ambaye Tharcisse hajamtaja jina hata usingizini, akaomba nakala ya liste ya kambi. Juu ya unga, alisema. Unga umepungua, tujue nani eko wapi.

Nakala za kaboni zilikuwepo kabatini. Lakini kaboni haichukui nyekundu. Kila kitu hutoka cha bluu. Tharcisse hakupenda kazi nusu. Alikaa siku nzima akapiga orodha yote upya, nyumba kwa nyumba, kila rangi mahali pake. Mtu yule akamsifu. Tharcisse akaenda nyumbani akitembea kama aliyepewa cheo.

Waliokuja wiki iliyofuata na mapanga na petroli hawakumuuliza mtu njia. Walikuwa na karatasi. Waliingia avenyu mchana kweupe, wakaruka nyumba nyeusi, wakasimama kwenye nyekundu. Tharcisse alikuwa kwake, namba arobaini na tano, nyuma ya pazia. Kwenye namba arobaini na tatu alimwona Mulumba, mume wa Bilonda, fundi wa pampu, akitolewa na godoro kichwani, saa tisa mchana, kiatu kimoja.

Walijazwa kwenye kituo cha treni, maelfu, chini ya maturubai, miezi na miezi, wakingoja mabehewa. Walizaliana pale na kuzikana pale. Bilonda alikuwa wa kaskazini ya Katanga, na kaka zake walimshika mikono asimfuate mumewe. Basi kila siku alimpelekea bukari, ugali wa kwao, katika sufuria iliyofungwa kitambaa. Siku moja alifika na sufuria, behewa limekwisha ondoka. Habari iliyokuja baadaye ilisema Mulumba hakufika.

Treni ile ile ya likizo. Rangi ile ile.

Tangu mwaka ule Tharcisse akawa mtu wa kupiga kelele. Alijifunza sheria kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa samaki. Hakuna mkubwa aliyepita Dilala asisikie mdomo wake, na alilala korokoroni mara nne kwa ajili ya maji, ya shule, ya vumbi. Watu walimwita shujaa. Hakuna aliyejua kelele zile alikuwa anafunikia sauti gani. Na juzijuzi, kwenye baraza yake mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa ameagiza karatasi ile ile kwa mara ya pili. Kwa moyo mwema. Mara zote mbili, kwa moyo mwema.

"Tata?" Shekina alikuwa bado anangoja.

Tharcisse akachukua kofia yake. "Twende."

"Wapi?"

"Kwenye inauma."

*

Mama Bilonda alikuwa ndani ya lupango yake, yaani ua wa nyumba, anatwanga sombe. Aliwaona wakiingia, hakuacha kutwanga na hakuwaambia wakae. Tharcisse akabaki amesimama karibu na mpera, kofia mkononi.

"Mama Bilonda. Liste ya mwaka ile. Ni mi njo niliipigaka."

Mchi ukasimama hewani, ukashuka.

"Alikuja muntu, akaniomba. Alisema ni juu ya unga. Mi nikamupigia."

"Na nyekundu?"

Hapo angeweza kusema nyekundu ilikuwepo tangu zamani, na isingekuwa uongo.

"Nyekundu nayo. Nilirudilia yote mupya na mukono yangu. Kaboni haikuchukuaka rangi."

Mama Bilonda akatwanga mara tatu, nne. Shekina alikuwa ametazama chini.

"Mulumba aliingiaka hapa na kicheko mwezi ule," akasema Mama Bilonda, akiongea na kinu. "Anasema: Bilonda, nilichungulia ku magazini, jina yangu iko mu nyekundu, konje, likizo yetu, imefika. Tutaenda kuonyesha mama yangu mutoto. Nilifua nguo. Nilishonea mutoto kanzu ya safari, ya njano." Akafuta uso kwa kiwiko. "Miaka yote hii nilikuwa nasema ni Mungu njo alimuchekaka."

"Mama, nakuomba..."

"Usiombe kitu. Kama unatafuta musamaha, kanisa iko pale, padri eko na kiti yake. Hapa ni mu lupango yangu." Kwa mara ya kwanza akamgeukia Shekina. "We mutoto wa kompyuta. Huyu baba alikuambia tunataka nini?"

"Liste, mama."

"Hajuaka kingine. Kamata bic yako, uandike."

Shekina akakaa chini, juu ya tofali, daftari magotini.

"Mi sitaki bajue natoka wapi. Nataka bajue niko wapi. Niko ku namba arobaini na tatu. Niliingiaka mwaka wa makumi munane na sita, na mutoto mu tumbo. Ule mupera, ni mi nilipanda. Kile kisima, tulichimba na Mulumba konje moya yote, juu tiketi haikukuya mwaka ile. Mu chumba ya nyuma kuko mwalimu na bibi yake na batoto bane. Bale nabo beko. Saa ine ya asubuhi niko ku soko, lakini sufuria yangu iko hapa, bakuye baiguse."

"Na bakisema ni bongo, unadanganya?"

"Baulize majirani. Kilio ikiwa hapa, nani anakuyaka wa kwanza? Bale njo banajua."

"Bangapi, mama?"

Mama Bilonda akafikiri. "Babili. Moya upande huu, moya upande ile."

"Na karatasi, nani atakaa nayo?"

"Mi. Mu sanduku yangu. Muntu asibebe tena kambi yote mu mufuko moya."

Tharcisse hakuweza kujizuia. Mwenyekiti ni mwenyekiti. "Lakini ofisi itaomba liste!"

"Iombe," akasema Mama Bilonda bila kumtazama.

Shekina alikuwa ameacha kuandika. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, mpaka pale juu alipoandika neno la kwanza siku ya kwanza, akalikata kwa mistari miwili.

"Basi si liste njo munataka," akasema. "Ni ushahidi. Kila nyumba ukurasa yake, na mwenyewe njo anakaa nao. Ofisi nitaipa hesabu tu: nyumba ngapi, bantu ngapi. Mwenye kutaka kujua ni nani, apige hodi. Ile ni kazi mwepesi kupita ile ya kwanza, mama. Nilikuwa najenga stade ya mupira, kumbe munataka kiti."

"Mi sijue jina yake. We njo ulisoma." Mama Bilonda akachota sombe kwa kiganja, akaikagua. "Tena utie fasi ya kuandika nani alikaaka hapa. Hata kama haeko tena."

"Nitatia."

"Shahidi yangu wa upande huu, ni mama wa namba arobaini na moya. Upande ile..." Akaelekeza mchi kwa Tharcisse. "Huyu."

Tharcisse akadhani hakusikia vizuri.

"Usifurahi. Sikuite juu nimekusamehe. Nakuita juu ulikuwaka hapa. Uliona saa gani balimutosha mu nyumba; mi nilikuwa ku soko."

"Saa tisa," akasema Tharcisse. Sauti ilitoka ndogo. "Alikuwa na kiatu moya."

Hilo la kiatu Mama Bilonda alikuwa halijui. Kisha akainamia kinu, na kazi ikaendelea.

*

Shekina hakulala sana, lakini Jumamosi mchana alikuwa ndani ya lupango ya namba arobaini na tatu na mashine ya kuchapia iliyopata umeme kutoka kwenye betri ya lori la Twahiru. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Mama Bilonda. Aliuangalia juu, chini, na nyuma, akautia kwenye sanduku la bati chini ya vitenge, akatoka akakaa mlangoni ili avenyu imwone amekaa. Ilitosha. Walianza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na Jumapili baada ya misa na baada ya ibada ya Waprotestanti foleni ilipinda mpaka kwenye bomba. Watu walibishana juu ya mashahidi. Majirani wawili wasiosemeana tangu mambo ya mbuzi wa mwaka juzi walilazimika kusemeana.

"Na mi sasa niko rangi gani?" Twahiru aliuliza.

"Hauna rangi, tata."

"Hata kidogo? Nilishaanza kuizoea."

Si wote walikuja. Nyumba ishirini na mbili zilikataa hadi mwisho, na Tharcisse hakumfuata hata mmoja wao kumhutubia. Alikuwa amepoteza hamu ya kuhutubia. Alikaa kwenye kona na kalamu, akatia sahihi pale alipoitwa kuwa shahidi, na kila alipotia sahihi alisoma ukurasa mzima kwanza, polepole, kama mtu aliyeambiwa kuna mwiba ndani ya chakula.

*

Ujumbe ulifika Jumatatu, watu watatu wenye kofia ngumu na buti ambazo hazijakanyaga matope. Aliyekuwa mkubwa wao, mwanaume wa miaka kama arobaini, alimpa Tharcisse mkono kwa heshima.

"Mwenyekiti. Liste iko wapi?"

"Haiko."

"Namna gani haiko? Wiki mbili zote hizi?"

"Kuko nyumba mia moya makumi munane na munane, na bantu elfu moya mia mbili na tisa. Ile njo hesabu, kamata." Tharcisse akampa kipande cha karatasi. "Nyumba ingine ishirini na mbili, benyewe balikatala kuandika, lakini nabo beko, utabasikia mule ndani. Kila nyumba iko na ukurasa yake kwa mwenyewe. Upige hodi."

"Mlango kwa mlango? Tata, hiyo ni siku tatu!"

"Basi ukuye siku tatu. Asubuhi sana, ao magaribi. Saa ine hatuko."

Yule mwanaume akawatazama wenzake, akatazama avenyu. Watu walikuwa wametoka wakasimama kila mmoja mlangoni kwake, hawakupiga kelele wala hawakuimba. Sijui kama angekuwa na liste mkononi angewaona. Akapumua, akasogea kwenye mlango uliokuwa karibu, ambao ulikuwa namba arobaini na tatu. Ukutani palikuwa bado na neno "tupu", la bluu.

"Hodi."

"Karibu," akasema Mama Bilonda. Akaingia ndani, akakaa huko kwa muda aliotaka, akarudi na ukurasa.

Mjumbe wa kampuni akausoma amesimama. Akagusa mpera kwa macho, akagusa kisima. Akahesabu watoto wa mwalimu waliokuwa wamepangwa ukutani kwa urefu. Akaingiza kwenye mashine yake: ina watu, saba. Akamwambia kijana wake afute lile neno ukutani. Kazi ingeweza kuishia hapo, na alikuwa amekwisha nyoosha mkono kurudisha karatasi, jicho lake liliposhuka mstari mmoja zaidi.

"Hapa wameandika mwingine. Mulumba, fundi wa pampu. Alikaa hapa toka themanini na sita mpaka tisini na tatu." Akainua kichwa. "Huyu sasa eko wapi, mama?"

Mama Bilonda akakunja mikono juu ya kitenge chake.

"Uliza shahidi yangu. Jina yake iko pale chini."

Mjumbe akatafuta jina, akageuka. Avenyu nzima ikageuka pamoja naye. Mtu yule ambaye kwa miaka thelathini hakuna aliyeweza kumnyamazisha alikuwa amesimama kando ya ua. Akavua kofia. Akapita katikati ya watu, akaingia ndani ya lupango, akasimama mahali pale pale alipomwona Mulumba kwa mara ya mwisho.

"Mulumba alikuwa jirani yangu," akaanza, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. "Jina yake nilipiga mi mwenyewe, ku mashini, mu rangi nyekundu."

Mjumbe aliacha kidole juu ya kioo, hajui kama hilo ni la kazi yake au si la kazi yake.

"Andika," akasema Mama Bilonda.